Usiniambie Nirudi Jioni

Kuna sentensi mbili ambazo ukizisikia kwenye duka la kompyuta mjini Kisii unafaa kufunga laptopu yako, uitie kwenye begi na utoke. Ya kwanza ni "Hiyo Windows imekufa." Ya pili ni "Andika paswadi hapa, urudi jioni."

Ya kwanza huwa kweli nusu. Ya pili tumeizoea hadi hatuisikii tena. Bomba likivuja kwako, hutampa fundi wa bomba ufunguo wa nyumba, pini ya M-Pesa na albamu ya picha kisha uende zako Daraja Mbili kununua ndizi hadi jua litue. Lakini laptopu, ambayo ina hayo yote matatu ndani, tunaiacha juu ya kaunta pamoja na paswadi kwenye kikaratasi kilichobandikwa kwa selotepu. Halafu tunasema asante.

Na kazi yenyewe ni gani? Acha nikwambie, kwa sababu imepangwa usiione. Ukishatoka, fundi anatoa flashi mfukoni, anaichomeka, anabonyeza kitufe fulani mara tatu nne, anachagua lugha, anafuta kila kitu, anaagiza chai. Baada ya nusu saa au dakika arobaini mashine imewaka upya. Mengine yote hadi jioni ni foleni na maigizo. Bei hutegemea ulivyovaa na kama muhula unakaribia kufunguliwa. Nimesikia soo tano, nimesikia thao moja, na kuna dada wa mwaka wa kwanza aliyelipa thao moja na nusu, kisha akaongezewa mia tatu "ya Office".

Sisemi kila fundi ni mwizi. Nasema kilichomo ndani ya ile flashi ni ujuzi mdogo, tena wa bure, na kuufanya siri kunatugharimu zaidi ya hizo pesa.

Darasa nalo lina lawama yake. Somo la Kompyuta katika KCSE, lile nambari 451, lina mada nzima ya mfumo endeshi. Tulikariri kazi zake kama sala: kugawa kumbukumbu, kupanga foleni ya kazi, kusimamia faili, kushughulikia hitilafu. Swali likija unaandika pointi nne, unapewa alama nne. Kuna watu wametoka hapo na A safi na hawajawahi hata siku moja kuona mfumo endeshi ukiwekwa kwenye mashine. Ni kama kufundishwa kusonga obokima kwa kuchorewa mwiko ubaoni. Hata jina lenyewe lilibaki kwenye karatasi ya mtihani. Hakuna mtu kati ya Suneka na Nyansiongo anayeingia dukani akasema mfumo endeshi wa kipakatalishi chake umeharibika. Tunasema "Windows". Na ukishaita kitu kizima kwa jina la bidhaa ya kampuni moja, huwezi hata kuwaza kwamba kuna kingine, au kwamba hicho ulicho nacho kinaweza kutolewa na kurudishwa kwa mkono wako mwenyewe.

Basi tuitengeneze hiyo flashi hapa hapa, maanake sitaki ubishi wa hewani.

Unahitaji kompyuta moja inayofanya kazi, ya rafiki au ya saiba, na flashi ya gigabaiti nane au zaidi ambayo huna kitu cha maana ndani yake, kwa sababu itafutwa yote. Unapakua faili moja kubwa ambayo jina lake huishia kwa ISO. Ukitaka Linux Mint, ni karibu gigabaiti tatu. Ukitaka Windows, ni tano na zaidi, na inapatikana kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe bila kulipa. Ndiyo, Microsoft yenyewe. Hiyo ni habari ambayo nimeona ikiwashangaza watu wazima wenye digrii.

Hapa ndipo wengi hukwama. Wanaichukua ile ISO wanainakili kwenye flashi kama wanavyonakili filamu, wanawasha mashine, hakuna kitu. Wanahitimisha kwamba kweli fundi ana kipaji. La. Mashine ikiamka haipekui faili zako moja moja. Inatazama mahali maalumu kwenye diski, ikitafuta programu ndogo ya kuanzishia. ISO iliyonakiliwa tu ni kama mbegu ndani ya pakiti iliyofungwa: iko shambani lakini haijapandwa. Programu kama Rufus, au balenaEtcher kwa ISO za Linux, zote za bure, ndizo zinazoifungua na kuipanga ndani ya flashi jinsi mashine inavyotarajia. Unachagua ISO, unachagua flashi, unahakikisha mara mbili kwamba ni flashi na si diski ya nje yenye picha za harusi ya dada yako, unabonyeza kitufe cha kuanza. Basi.

Kisha unazima mashine iliyokufa, unachomeka flashi, unaiwasha huku ukigonga kitufe cha kuchagua pa kuanzia. Kwa Dell na Lenovo ni F12. Kwa HP ni F9. Hicho ndicho kitufe ambacho fundi hukigonga skrini ikiwa imemwangalia yeye.

Kabla ya hapo kuna hatua moja ambayo mafundi wengi hawaifanyi na wewe usiiruke: kulinganisha alama ya faili. Kila ISO ya mradi unaojiheshimu huja na mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu uitwao SHA-256. Ukiikokotoa kwenye faili uliyopakua na ikatofautiana hata kwa herufi moja, itupe. Si woga wa bure. Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint wakawaelekeza watu kwenye ISO iliyotiwa njia ya siri ya kumwingiza mwizi. Mradi ulitangaza wazi, ukachapisha alama za faili halali ili kila mtu ajikague. Linganisha hilo na flashi ya fundi. Ile ISO yake ilitoka wapi? Kwa jamaa wa Luthuli Avenue. Naye aliitoa wapi? Unaona sasa.

Lakini sababu yangu kubwa ya kugombana si bei wala siri. Ni faili.

Mwalimu mmoja ninayemjua, wa shule ya msingi upande wa Nyamira, alikuwa na maazimio ya kazi ya miaka sita ndani ya laptopu. Mvua za alasiri za huku kwetu mnazijua. Stima ilipotea mashine ikiwa katikati ya masasisho, na bateri yake ilikuwa imekufa zamani. Asubuhi ikawa skrini ya buluu. Akapanda matatu hadi mjini, akaiacha, akarudi jioni kama alivyoambiwa. Mashine ilikuwa inang'aa. Desktopu tupu, picha ya milima. Ndipo fundi akamuuliza, kwa upole kabisa, "Mwalimu, kwani ulikuwa na vitu vya maana humo?"

Swali hilo liliulizwa baada ya kufomati.

Windows ikishindwa kuwaka haina maana kwamba faili zimekufa. Mara nyingi diski ni nzima na kila kitu kiko pale pale. Kilichovunjika ni mlango tu. Ile flashi ya Linux Mint niliyoieleza ina kitu ambacho watu hawakithamini: unaweza kuiwasha mashine kutoka kwenye flashi bila kuweka chochote kwenye diski. Skrini inakuja, panya inasogea, unafungua diski ya ndani, unaona folda zako, unazinakili kwenye flashi ya pili. Ni hapo tu, ukishazihesabu, ndipo unazungumzia kufuta. Kuna vizuizi viwili vya kweli. Diski ikiwa yenyewe imeharibika, hasa zile za zamani zinazozunguka na kutoa mlio, hiyo ni kazi nyingine. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker utahitaji ufunguo wa kuirejesha, ambao mara nyingi huhifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft kama uliwahi kuingia nayo. Ukiondoa hayo mawili, miaka sita ya mwalimu ingeokolewa kwa flashi mbili na saa moja. Haikuokolewa kwa sababu kufuta ni haraka na kuna wateja wengine kwenye benchi.

Kwa wasichana kuna jambo la ziada, na nitalisema kwa ufupi kwa sababu wengi wenu mnalijua. Rafiki yangu aliachia duka laptopu na paswadi. Wiki iliyofuata kijana asiyemjua alimtania kuhusu picha ambayo haijawahi kuwekwa mtandaoni. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inaharamisha kuingia kwenye data ya mtu bila ruhusa na kusambaza picha zake za faragha. Lakini nenda ukathibitishe ni nani kati ya vijana wanne wa duka aliyefungua folda gani saa ngapi. Kuweka Windows upya hakuhitaji paswadi yako. Nirudie: hakuhitaji. Fundi anayefuta kila kitu hana haja ya kuingia kwenye kile anachokifuta. Akikuomba, muulize ni ya nini, na usikilize anavyojikokota.

Sasa tuje kwa ile "aktivesheni". Laptopu iliyotoka kiwandani na Windows 10 huwa na ufunguo wa leseni ndani ya bodi yake kuu. Ukiweka upya toleo lile lile kutoka kwenye ISO ya Microsoft, kisha ukaunganisha intaneti, inajiaktiveti yenyewe. Hulipi kitu. Hubonyezi kitu. Maana yake ni kwamba mashine nyingi zinazouzwa kwetu kama "ex-UK", zile EliteBook na ThinkPad na Latitude za ofisi, zina leseni halali ndani yake, halafu tunalipa mtu aziwekee Windows ya wizi juu. Hebu lirudie hilo polepole.

Na hiyo ya wizi haiji peke yake. Huja na programu ya kukraki ambayo sharti lake la kwanza ni uzime antivairasi. Mwaka 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi nakala za KMSPico, ambayo ni maarufu kwa kazi hiyo, zilivyokuwa zikisambazwa zikiwa na Cryptbot ndani yake, programu inayoiba taarifa kutoka kwenye vivinjari na pochi za sarafu za kidijitali. Wewe labda huna sarafu za kidijitali. Lakini kivinjari unacho. Fikiria basi si laptopu yako, fikiria saiba. Juni 30 inakaribia, mama ametoka Ikonge kuja kuwasilisha ritani yake ya sufuri ya KRA. Anakaa kando ya kijana, anataja nambari ya kitambulisho na paswadi kwa sauti ili aandikiwe. Baada yake ni kijana wa HELB, baada yake mzee wa eCitizen. Wote wanapitia mashine moja ambayo antivairasi yake ilizimwa siku ya kwanza. Tukisema "kila mtu anatumia ya kukraki" tunaongea kama kwamba hasara ni ya Microsoft.

Microsoft nayo siitetei hata kidogo. Tarehe 14 Oktoba 2025 ilifunga masasisho ya usalama ya kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 inadai kichakataji cha Intel cha kizazi cha nane au zaidi pamoja na kipande cha usalama kiitwacho TPM 2.0. HP EliteBook 840 G3, ambayo ukitembea Kisii utaikuta kwenye kila meza ya pili, ni kizazi cha sita. ThinkPad X250 ni cha tano. Mashine hizi hazijachoka. Zikiwa na RAM ya gigabaiti nane na diski ya SSD zinafanya kila kazi ambayo mwanafunzi au mwalimu anaitaka. Kampuni ilitoa nyongeza ya mwaka mmoja hadi Oktoba 2026, kwa dola 30 au kwa masharti ya kuunganisha akaunti na kuhifadhi mipangilio yako kwao. Ulaya mashirika ya kutetea wateja yalipiga kelele, wakalegezewa masharti. Sisi hatukupiga kelele. Ofisi za Uingereza zilizitoa laptopu hizi zikatufikia sisi. Sasa tunaambiwa tuzitoe pia, ila sisi hatuna wa kumpelekea. Rufus inaweza kuruka ukaguzi huo na kuweka Windows 11 kwa nguvu, na wengi watafanya hivyo, lakini Microsoft haiahidi kwamba mashine hizo zitaendelea kupata masasisho. Mimi nisingeweka maazimio ya mtu juu ya ahadi ambayo haipo.

Kwa hiyo ndiyo, nasukuma Linux. Najua miguno. "Hiyo ni ya wadukuzi." "Mhadhiri anataka Word." Mhadhiri anataka faili ya docx, na LibreOffice inaandika docx, ukiwa na jedwali lenye mapambo mengi kagua kabla ya kutuma, au tuma PDF. Zoom ipo. Chrome ipo. eCitizen ni ukurasa wa kivinjari tu, haijui uko juu ya nini. Ukweli wa upande wa pili ni kwamba Photoshop haipo, QuickBooks ya kuweka kwenye mashine haipo, na kama chuo chako kinakulazimisha programu fulani ya Windows, basi weka Windows, halali, kwa flashi yako mwenyewe. Sina dini hapa. Ninachokataa ni mtu kuchaguliwa.

Tena si kitu kigeni kwetu kama tunavyojifanya. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanyika na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazoongea Kiswahili kuanzia menyu. Mwaka huo huo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha Ubuntu, jina ambalo yeyote anayesema omonto kwa maana ya mtu hahitaji kutafsiriwa. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, waliokuwa na intaneti mbovu waliweza kuagiza CD za Ubuntu zikaletwa kwa posta bila malipo. Leo bando la gigabaiti tatu ni pesa ambayo tunaichoma kwa video za wikendi moja, na tunasema tumekosa njia.

Hoja ninayoiheshimu ni moja: "Unataka kumnyang'anya msee wa mtaa riziki." Nimeifikiria sana. Fundi wa kweli ana kazi ambayo mimi siwezi: bawaba zilizovunjika, kioo kilichopasuka, tundu la chaja lililolegea, chai iliyomwagika kwenye kibodi, bodi inayohitaji kuchomelewa kwa mkono usiotetemeka. Hiyo ni kazi, na ilipwe vizuri kuliko inavyolipwa. Kinachomdumaza ni kwamba anashinda akifomati mashine ishirini kwa wiki badala ya kujifunza kutengeneza bodi moja. Tazama Tabaka. Jiwe la sabuni linachongwa nje, mchana, mtoto akiwa pembeni na msasa, mgeni akiwa amesimama anatazama kila patasi. Hakuna mchongaji aliyefilisika kwa sababu mtu alimwona akichonga. Ukitazama kwa saa tatu ndiyo kwanza unaelewa kwa nini unapaswa kumlipa.

Kinachowezekana kesho asubuhi si kikubwa. Chuo Kikuu cha Kisii kina wanafunzi wanaoweza kupakua ISO usiku waifai ikiwa nyepesi, na flashi moja yenye programu ya Ventoy hubeba ISO kadhaa kwa pamoja: Mint, Ubuntu, Windows. Flashi hiyo ikipanda matatu Ijumaa hadi Keroka, ambako kaunti mbili zinapakana mjini, itatumika pande zote mbili bila kuuliza mpaka uko wapi. Ikiachwa kwa binamu, binamu atamwekea mwalimu, mwalimu ataonyesha vijana wa klabu ya kompyuta shuleni kile ambacho nambari 451 haikuwaonyesha. Bei ni ya flashi.

Na wewe ambaye huna hamu ya kujifunza haya yote, ni sawa, mlipe fundi. Lakini kaa hapo dukani. Mwambie asifute chochote kabla hujaziona faili zako kwenye flashi ya pili. Muulize ISO imetoka wapi. Usiandike paswadi. Mwombe ageuze skrini muitazame wote wawili. Akikwambia hiyo si kawaida yake, chukua begi, toka. Kutoka hapo hadi duka linalofuata ni hatua kama kumi.